Nyuzi za Mama Mukubwa

Masisi, Alhamisi

Tena gundi imeachana na nyuzi za mugomba. Kwenye kompyuta, modeli yangu inasema vinashikana sana, mpaka uzi ukatike kwanza. Lakini chini ya mikroskopu kila uzi umechomoka muzima, safi, kama jino la mutoto.

Wiki tatu nilishuku hesabu zangu. Leo ninashuku mama mukubwa, dada ya mama. Yeye njo alinitayarishia nyuzi kule Buleusa, na anasuka vikapu tangu sijazaliwa.

Nilimupigia simu. "Mama mukubwa, ulizipaka kitu?"

"Hapana, mutoto wangu. Nilizianika tu."

Alijibu mbio sana. Kisha akaongeza: "Zako ziko nzuri kuliko za soko. Haziwezi kukatika."

Wasukaji wote wanapaka uzi mafuta ya mawese ili usikatike mukononi. Na gundi haishiki juu ya mafuta.

Jumatatu ninatetea kazi hii mbele ya profesa, na nimekwisha kuandika "nyuzi safi".

Mbele ya kula nililaza uzi mumoja hapa kwenye ukurasa huu, nikafunga daftari, nikaweka Biblia juu. Sasa nimeutoa. Pale ulipolala, karatasi inang'aa, na maandiko ya jana yanaonekana kutoka nyuma.