Kilemba cha Maharage na Jina la Yoramu

Ijumaa, 11 Julai 1997. Kibondo.

Asubuhi ilikuwa na baridi kali na ukungu mzito. Mpaka saa mbili nilikuwa siioni migomba ya jirani. Baadaye ukaja upepo na vumbi jekundu, vikakaa nasi hadi jioni.

Leo sina moyo mzuri. Nitaandika kwa mpangilio, jambo moja baada ya jingine, maana nikiandika ninavyojisikia nitajaza ukurasa kwa matusi na kesho nitaona aibu kuusoma.

Wiki tatu nzima, kama katibu wa timu, nimekaa na orodha ya wachezaji wetu wa mpira. Timu kumi za Kibondo na Kasulu tunacheza ligi yetu ya kiangazi, baada ya mavuno, na wachezaji tunawalipa maharage kwa sababu hela haipo mkononi mwa mtu mpaka maharage yauzwe. Mwaka jana timu moja ya Kasulu, ambayo mfadhili wake ana malori mawili, ilikusanya kila mchezaji mzuri kutoka Mabamba hadi Kagerankanda. Ligi ikawa haina maana. Ndiyo maana mwaka huu, kwenye kikao cha Rungwe Mpya, tulikubaliana kikomo: timu isiwalipe wachezaji wake wote zaidi ya debe themanini kwa msimu mzima. Nusu wanapewa wakati wa kujisajili, nusu ligi ikiisha. Debe lisawazishwe kwa ubao, bila kilemba, yaani bila mlima juu. Nilikuwepo, nikaandika kwa mkono wangu, na niliporudi nikawasomea wachezaji wote kanuni hiyo uwanjani.

Debe themanini kwa watu kumi na wanane si kazi ndogo. Sadoki, mshambuliaji wetu wa Mabamba, alikataa kushuka chini ya kumi, kwa sababu Kasulu walikuwa wanamwita. Ukimpa Sadoki kumi, mabeki nao wanainua vichwa. Nilipunguza nusu debe hapa, nikaongeza robo pale. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka, nikaanza nyingine. Jumatano ya wiki iliyopita ikatimia: themanini kamili, fomu kumi na nane, zote zimesainiwa au kuwekwa dole gumba. Nilijiona mtu mwenye akili.

Kosa langu la kwanza: upimaji wenyewe nilimwachia mwenyekiti, Mzee Ruhuza.

Ni yeye mwenye ghala. Isitoshe, Jumamosi ile ya kugawa nilikuwa na homa. Nilimpa orodha, nikampa na kipande cha ubao cha kusawazishia. Akaniambia, "Nenda ukalale, mwanangu. Kupima maharage nimeanza kabla mama yako hajaolewa."

Jana jioni mkaguzi wa ligi alifika kutoka Kasulu, akalala nyumba ya wageni. Leo saa tatu tulikaa naye ofisini kwetu, yaani chumba cha mbele cha nyumba ya mwenyekiti. Ni mtu mpole, ana miwani na daftari lenye jalada gumu, mtu wa aina yangu. Alipitia fomu zote. Akajumlisha mara mbili. Akasema, "Dada Katibu, ningepata orodha kumi kama hii ningekuwa nalala mapema."

Nilikuwa bado natabasamu aliposema, "Basi tuone na kipimo chenyewe, tumalize."

Mzee Ruhuza akainuka kwa furaha. Akachota maharage, akajaza debe, akaendelea kumimina mpaka juu pakawa mlima, akaupigapiga kwa viganja ili usimwagike. Ubao wangu ulikuwa umeegeshwa ukutani nyuma yake. Ulikuwa na vumbi.

Mkaguzi akauliza, "Mzee, hivi ndivyo ulivyowapimia?"

"Wote."

"Na kilemba hiki?"

"Nilijazia kwa maharage yangu mwenyewe. Ya timu sikugusa hata punje ya ziada."

"Lakini kanuni inasema yasawazishwe."

"Kanuni ni ya Kasulu," mzee akasema. "Wewe unataka mimi nipitishe ubao juu ya debe la mtu, mkewe amesimama pale na kapu anaangalia? Amekuwa kibarua? Amekuja kununua chumvi? Hapa kwetu hata mtu unayemchukia unampa na kilemba, halafu unaendelea kumchukia."

Mkaguzi alicheka. Mimi sikucheka. Nilijua kinachofuata, na kweli alipomaliza kucheka akavua miwani, akaifuta.

Alimwomba mzee ajaze tena vilevile. Akasawazisha, kilemba akakiweka kwenye debe la pili. Wakarudia. Vilemba vinane vikajaza debe moja. Tumeshagawa debe arobaini. Kwa hiyo, kwa kipimo cha ligi, tumetoa arobaini na tano.

Debe tano juu ya kikomo. Kwa ukarimu!

Nilipendekeza tuwaombe wachezaji warudishe. Mzee akanitazama kama mtu aliyeona nyoka kitandani. "Nani ataenda kumwambia mke wa mtu arudishe kilemba? Wewe?" Nikapendekeza basi tupunguze kidogo kwa kila mtu kwenye nusu ya pili. Mkaguzi akatikisa kichwa. Kiasi kikishasainiwa hakiguswi. Ndivyo tulivyokubaliana ili timu zisiwahadae wachezaji. Kinachoweza kufutwa ni jina. Anayefutwa anabaki na alichopewa, lakini nusu yake ya pili inarudi kwetu. Akasema gari lake la Kasulu linaondoka saa tisa. Nimpe kabla ya hapo orodha isiyozidi themanini, na watu wasipungue kumi na tano. La sivyo, kwenye ligi hatumo.

Nilikaa peke yangu na karatasi kuanzia saa tano. Kocha alikuja, akasimama nyuma yangu akipumua.

Njia ya kwanza ilikuwa rahisi: kumfuta Sadoki. Nusu yake ya pili ni debe tano kamili. Jina moja, kazi imekwisha. Njia ya pili: kuwafuta Yoramu, golikipa wetu, mwenye debe mbili zilizobaki, na vijana wawili wa akiba wenye debe moja na nusu kila mmoja. Nayo ni tano. Nilijaribu njia nyingine tisa. Kila moja ilivunja mabeki, au ilituacha bila mtu wa katikati.

Kocha alisema, "Bila Sadoki tunaenda Kasulu kufanya nini, kuangalia majengo? Golikipa tunaye mwingine. Yoramu ana miaka thelathini na sita, Katibu. Siku hizi akiruka anashuka kwa awamu."

Mwenyekiti akapita mlangoni, akasema tusimguse Sadoki, kisha akaenda zake kunywa chai. Nilitamani kumrushia ubao.

Lazima niandike hapa Yoramu ni nani kwangu. Miaka miwili iliyopita, katibu wa zamani alipohamia Kigoma, nilijitokeza kuomba nafasi. Wanaume walicheka. Mmoja aliuliza kama nitakuwa nawafulia jezi pia. Yoramu akasimama, akasema, "Kuna mtu mwingine hapa aliyemaliza kidato cha nne na hanywi pombe? Mleteni tumuone." Hakuna aliyeletwa. Amedaka msimu wa kumi na moja sasa. Mwezi uliopita aliniambia huu ndio wa mwisho, anataka amalizie uwanjani, akiwa amesimama golini, siyo kwa kuambiwa na mtu.

Saa nane na dakika ishirini nilifuta jina lake.

Ninakiri hapa kwa sababu hakuna anayesoma: sikumfuta kwa hesabu peke yake. Hesabu zilikuwa na majibu mawili. Nilimfuta kwa sababu nilijua hatanigombeza. Sadoki angekuja na kaka zake. Mwenyekiti angesema ndiyo matokeo ya kumpa mwanamke kalamu. Yoramu angeitikia tu. Nilichagua mtu ambaye wema wake ungenirahisishia.

Mkaguzi alipokea orodha, akajumlisha mara mbili, akagonga mhuri. Akasema pole. Nikasema asante. Gari likaondoka.

Vijana wawili wa akiba niliwakuta uwanjani, nikawaambia. Mmoja aliuliza kama anaweza kubaki na soksi. Nikamwambia abaki nazo. Wana umri wa kungoja mwaka mwingine.

Saa kumi na moja nilikwenda kwa Yoramu. Njiani nilipanga sentensi zangu, nikazihesabu, nne. Mkewe alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. "Mwidiwe, Katibu," akanisalimu, akanipa kigoda. Yoramu alitoka ndani na viatu vyake vya mpira mkononi. Alikuwa amevishona upya kwa uzi wa kamba.

Nilifika sentensi ya pili tu.

"Nimefutwa?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na nani?"

Nilifikiri anauliza wengine waliofutwa, nikataja wale vijana. Akasema, "Hapana, nauliza nani aliyefuta."

"Mimi."

Akaitikia kwa kichwa. Akaweka viatu chini, vizuri, kimoja kando ya kingine. Mkewe aliacha kuchambua. Nilieleza yote: kilemba, mkaguzi, debe tano, gari la saa tisa. Nilieleza haraka mno. Mkewe akasema, "Kilemba kipi? Sisi hatukupewa kilemba."

Yoramu akamwambia, "Acha, mama Neema."

"Niache nini? Nilisimama pale na kapu langu. Wenzangu wote wanamiminiwa mlima, sisi mume wangu anashika ubao anasawazisha mwenyewe. Wanawake wananiangalia. Nikadhani mmegombana na mzee. Nimekaa na aibu hiyo wiki nzima!"

Nilimuuliza Yoramu kama ni kweli. Akasema mzee alikataa kabisa kumpimia kwa kusawazisha, ndipo akauchukua ubao, akafanya mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini.

Alinitazama kama golikipa anavyomtazama beki aliyempa mpira mbaya.

"Kanuni si ulitusomea wewe mwenyewe?"



Nilipoinuka, akasema, "Sasa Jumapili kwenye mechi nitakaa wapi, benchi au kwa watazamaji? Niambie mapema, nijue kama nivae suruali." Alitaka nicheke, nikashindwa. Mkewe hakuniaga. Ana haki.

Nimerudi nikapiga hesabu upya, kwa kuwa sijui kufanya kitu kingine nikiumia. Nikiondoa debe mbili za Yoramu ambazo hazikuwa na kilemba, ziada yetu ilikuwa debe nne na robo tatu. Bado njia zingekuwa zilezile mbili. Isingemwokoa. Nilipiga hesabu mara tatu nikitamani iniambie vinginevyo, ili angalau niwe na kosa la hesabu la kumkimbizia mkaguzi Kasulu.

Saa moja jioni Mzee Ruhuza alikuja kunijulia hali. Alileta bakuli la maharage yaliyopikwa, limejaa hadi juu. Akaketi, akasema, "Mwanangu, nimesikia umekwenda kwa Yoramu. Umefanya vizuri, habari mbaya ipelekwe kwa miguu." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba Yoramu alisawazisha. Akakuna kidevu.

"Nilimuonea aibu."

"Nani alikuwa na aibu, yeye?"

"Mimi. Alinionesha mbele ya watu kwamba sijali ulichoandika. Nikaona nisikuambie."

Nilikuwa nimejiandaa kumpigia kelele. Nilikuwa nayo maneno tangu saa tatu asubuhi, yamepangwa. Lakini mzee alikuwa ameshakiri, na mtu akishakiri maneno yako yanabaki mdomoni kama chakula kisicho na chumvi. Nilimwambia jambo moja tu, kwamba ligi ikiisha nusu ya pili nitapima mimi. Mbele ya wake zao wote, na ubao mkononi, nisawazishe hadi debe la Sadoki.

"Watakutukana," akasema.

"Watanitukana."

"Utakuwa mtu asiye na ukarimu kuliko wote Kibondo."

Nikamwambia nimeshakuwa.

Alipoondoka nilifungua daftari la timu. Kwenye orodha ya benchi kuna nafasi moja ya mtu asiye mchezaji, msaidizi wa kocha, asiyelipwa chochote. Kanuni haimkatazi. Sijaijaza. Ningeweza kuandika jina la Yoramu sasa hivi, kwa wino, na Jumapili angekaa kando yangu. Lakini leo nimeshafuta jina lake bila kumuuliza. Kesho asubuhi nitarudi kule, nimuulize. Akisema hapana, itabaki wazi msimu mzima.

Na mkewe nitamwambia nini? Hilo sijalipata. Kusema mumewe alikuwa sahihi hakutamrudishia zile dakika alizosimama na kapu.

Saa tano kasoro dakika kumi usiku. Nazima taa, nalala.