Miguu Niliyoichoma

Mayu,

Mwadila, mama yangu. Najua ungeniuliza kwanza kama nimekula. Sijala. Tangu Alhamisi chakula hakipiti, na kabla hujaanza maswali yako: si homa, wala si mimba. Ni kinyaa. Nawaonea kinyaa watu kadhaa, na wa kwanza wao ni mimi Kabula mwanao.

Nimekaa uani kwako, kwenye kigoda chako, karai la udongo liko mbele yangu na kiroba kibichi juu yake, vilevile ulivyokuwa unaliacha. Hukupenda mtu aingie na shida kabla ya habari, basi chukua habari. Jirani amejenga ukuta, akamega hatua mbili za kiwanja chetu, tukagombana mpaka mtendaji akaitwa. Ukuta umebaki. Kuku wako mwekundu bado anataga ndani ya kile chungu kilichopasuka mdomo, na ukimsogelea anakudonoa kama mwenye nyumba. Na wanawake bado wanakuja. Hilo sikulitegemea. Nilidhani tukishakuzika wataacha. Wapi! Wanabisha hodi kwa mayu huku wanajua mayu hayupo, wanavua kandambili, wanakaa, wanatia mikono karaini.

Wewe kazi hiyo hukuipa jina. Wewe ulikuwa mfinyanzi wa vyungu, basi. Ila duara, shimo la wachimba dhahabu, likititia huko machimboni, mume wa mtu akabaki chini ya kifusi, mwanamke akimaliza matanga alijikuta anakuja kwako Kahama. Hukumpa pole nyingi. Ulimkatia donge, ukaendelea na chungu chako, ukimsema tu kama anamwaga maji ovyo. Alifinyanga alichofinyanga. Kabla hajaondoka ulimwambia akiponde kwa mkono wake mwenyewe, akirudishe kwenye karai. Chungu ulikichoma. Cha kilio hukukichoma hata siku moja. Nilipokuwa mdogo nilikuuliza kwa nini, ukanitolea macho: "Unataka akikute kabatini kila asubuhi? Umekuwa mchawi?"

Hayo nilikuwa nayajua, mayu. Naomba ulishike hilo, kwa sababu sitaki mtu aje kunitetea kwamba sikujua.

Nilipokwambia nimepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya tiba kwa sanaa, ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Miaka miwili unasomea kukaa na mtu anayelia? Na cheti watakupa cha machozi?" Nilinuna siku mbili. Halafu siku ya safari ukanifungia donge la udongo kwenye mfuko wa nailoni, ukalisukumia kwenye begi katikati ya nguo zangu safi. Nikakugombeza. Muhula wa kwanza haujaisha presha ikakuchukua, nikarudi kukuzika na donge lenyewe sijalifungua.

Nisiwe mwongo, chuoni nilijifunza. Nilijifunza kukaa kimya bila kumharakisha mtu. Nilijifunza kwamba mwanafunzi wa kazi hii naye anachora yake, mbele ya wenzake, na siku niliyochora jeneza lako nililia mpaka kamasi zikadondokea karatasi, hakuna aliyecheka. Na tulifundishwa kwamba kazi ya mteja ni mali ya mteja. Mtaalamu anaitunza tu. Swali hilo lilitoka kwenye mtihani. Nilijaza kurasa mbili, nikapata A. Kefule!

Mwaka wa pili ni mafunzo kwa vitendo, na mimi nikaomba kuyafanyia hapahapa uani kwako, chini ya msimamizi anayekuja mara moja kwa mwezi. Tulimwita Dokta. Alipenda sana uani kwako. Alipiga picha karai, kigoda, hata kuku. Neno lake lilikuwa "halisi". Kila kitu halisi, halisi. Mimi nikavimba kichwa.

Ndipo akaja Mama Kulwa. Humjui, amekuja baada yako. Mume wake alikuwa mchimbaji mdogo upande wa Geita, duara likawafunika watatu. Walipotolewa nyuso hazikutambulika, wakalazwa chini ya turubai, miguu nje, na wake zao wakaambiwa wapite watazame. Yeye alimjua wake kwa mguu wa kushoto. Kidole kidogo hakikuwapo, kilikatwa na jembe la kukokotwa na ng'ombe tangu utotoni. Alihesabu vidole vinne, akasema, "Huyu wangu."

Wiki tatu alikuja akakaa bila kugusa udongo. Ya nne akaingiza mikono, na jioni yake kukawa na miguu miwili imesimama juu ya ubao, nyayo mpaka kwenye fundo. Mayu, wewe ungenyamaza kwa kazi ile. Mishipa ilikuwapo. Magaga ya kisigino yalikuwapo. Na kushoto vidole vinne. Alinawa, akaitazama, akaniambia hajamaliza, atairudisha karaini mwenyewe akiwa tayari. Nikaifunika kiroba.

Wiki hiyohiyo Dokta akaja. Akafunua, akavuta pumzi. Kulikuwa na maonyesho yanaandaliwa hapa mjini, wageni watakuja, wafadhili, watu wa wizarani, na sisi wanafunzi kila mmoja alitakiwa kutoa kazi moja inayoonyesha uponyaji. Akasema hii ndiyo itakayonibeba. Na sura nzima ya tasnifu yangu, ya tatu, ingekaa juu yake. Tatizo udongo mbichi ungepasuka njiani. Hakuniambia choma. Aliniuliza tu kama najua kuchoma. Binti wa mfinyanzi akaulizwa kama anajua kuchoma!

Nilikwenda kwa Mama Kulwa na fomu ya ridhaa. Nilimsomea yote, kwa kituo, kama tulivyofundishwa. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata macho. "Wewe si mtoto wa mayu? Leta hapo niweke dole." Huku kwetu nani anamkatalia mtu aliyemkalia kilioni? Hiyo haikuwa ridhaa, ilikuwa adabu, na mimi nimezaliwa hapa, naijua tofauti. Alipokwisha kufuta wino kwenye khanga akaniuliza kitu kimoja tu: "Itarudi kwenye karai?"

Nikasema itarudi.

Mayu, nilisema itarudi, na mavi makavu ya ng'ombe ya kuchomea nilikuwa nimeshayaagiza.

Niliichoma pale pale pako, kwa majani na mavi ya ng'ombe, na kwa hasira niliomba ipasuke ili nipate kisingizio. Haikupasuka. Ilitoka nyekundu, ngumu, inalia ngii ukiigonga. Uchomaji wangu bora kuliko wote, ungenisifu. Maji yakimwagika hayazoleki, na udongo ukishaiva hata uuloweke mwaka mzima hauwi tope tena. Nilijua hilo kabla sijajua kusoma.

Sasa Alhamisi. Ukumbi una feni, meza zina vitambaa vyeupe, miguu ya mume wa mtu imewekwa katikati ya meza, karibu na sambusa. Chini yake kikaratasi: Kesi namba tatu, mjane, mwathirika wa machimbo. Mjane! Ana jina, ana mapacha, ana ulimi mkali kuliko wako. Dokta alimwalika naye aje, kama mnufaika, akavalishwa fulana ya mradi inayombana mabega. Nilimwona anaingia na mwanawe Doto mgongoni, nikajificha nyuma ya spika. Ndiyo, mwanao mtaalamu, nyuma ya spika.

Akaja bwana mmoja na sahani yake. Anatafuna, mafuta yanamng'aa midomoni. Akaushika mguu wa kushoto kwa vidole vilevile vya sambusa, akaugeuza, akahesabu, akacheka. "Msanii huyu kasahau kidole!" Wenzake wakacheka. Mmoja akatoa simu ampige picha akiwa ameuinua shavuni. Dokta alikuwa palepale, naye akatabasamu, kwa sababu mgeni ni mgeni. Mimi niliyejua nilikuwa na miguu yangu mwenyewe, inatembea, na haikutembea.

Mama Kulwa ndiye aliyesogea. Hakumtazama yule bwana. Aliweka kidole chake pale pengo lilipo, akapapasa, halafu akagonga kwa ukucha. Ngii. Akageuka kunitafuta ukumbi mzima mpaka akanipata.

"Umeichoma," akasema.

Hakupaza sauti. Heri angenipiga kofi, mayu, heri angenivua nguo mbele ya wafadhili. Nilitoka nje nikatapika kwenye maua ya watu. Nikanawa kwenye bomba, na nilipokuwa nanawa nikasikia yule bwana anaomba juisi nyingine. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nikarudi ndani, nikavua kitenge changu cha mabegani, nikaifunga miguu ile kwa mafundo mawili. Dokta akanishika kiwiko, akanong'ona kwamba mtahini kutoka nje hajaiona bado, kwamba bila kazi yenyewe sura yangu ya tatu haina ushahidi, nifikirie miaka miwili. Nikamwambia, na sauti yangu uliyokuwa unaiita ya mnadani ikatoka yote, "Dokta, hii si sura ya tatu. Hii ni miguu ya baba Kulwa." Yule bwana akaiweka chini sahani, taratibu.

Usinisifu. Niliondoka na kitu nilichokuwa nimekiharibu mimi. Mwizi anayerudisha ng'ombe aliyemchinja, utampa asante?

Ijumaa nilikwenda kwake. Nikapiga shikamoo mlangoni, hakuitikia. Akaniacha juani mpaka akamaliza kuosha vyombo, akamaliza kuwasuka mapacha, kichwa cha kwanza na cha pili. Nilisema yote. Nilisema nilimdanganya, kwamba siku ile ananiuliza tayari nilikuwa nimeshaamua. Sikuleta maneno ya chuo. Akanisikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayekuuzia samaki wa juzi. Mwisho akasema: "Mimi nilimzika mara moja. Wewe umemtoa umemweka kwenye sambusa." Akafunga mlango.

Chuo nacho kimeniita. Sura imeondolewa, mafunzo kwa vitendo narudia mwaka mzima, na kuhitimu sitahitimu na wenzangu. Joho nilikuwa nimeshalijaribu mbele ya kioo. Walinipa nafasi: nipeleke hata picha za ile kazi, zitatosha. Ninazo kwenye simu, kumi na nne. Nimezifuta leo asubuhi, moja moja, na ya mwisho niliirudia mara tatu kabla sijaifuta, mayu, sikufichi. Ilikuwa nzuri.

Sasa nikuambie kilichotokea mchana huu, kwa sababu ndicho kilichonikalisha niandike.

Nilikuwa naloweka udongo mpya. Nikasikia hodi. Mama Kulwa, khanga mbili, hana fulana ya mradi. Hakunisalimia. Aliuliza iko wapi. Nikaileta kwenye kitenge kilekile, sikuwa nimekifungua. Akaketi kwenye kigoda chako, mimi nikabaki nimesimama kama mtoto aliyefukuzwa shule. Akaipakata ile miguu mapajani muda mrefu. Kisha akaniuliza, na sauti ilikuwa ya kweli, ya mtu anayetaka kujua: "Hairudi kabisa?"

Nilitaka kusema hairudi. Macho yangu yakaangukia lile jiwe lako la kusagia, lile la vigae. Mayu, nimekuona ukitwanga vigae maisha yangu yote, chungu kikipasuka hukitupi, unakitwanga unga, unauchekecha, unauchanganya kwenye udongo mbichi ili chungu kipya kisipasuke motoni. Sikuwahi hata siku moja kulifikiria. Nikamwambia, hairudi kuwa tope, lakini ikisagwa udongo unaipokea. Nikamwambia pia kwamba lazima ivunjwe, na kwamba mimi sina haki ya kuivunja.

Alivunja yeye. Alianza na wa kulia. Wa kushoto aliusaga mwisho, polepole, na vile vidole vinne alivisaga kimoja kimoja, huku anavihesabu kwa Kisukuma, na alipofika cha nne akasimamisha mkono juu ya jiwe, akalia. Kilio cha sauti, cha kukata tumbo, hata jirani akachungulia juu ya ukuta wake wa wizi, nami nikamtimua kwa jicho. Sikumpa pole. Sikumgusa. Nilimmiminia maji alipoonyesha kwa kidole. Akauchanganya unga karaini mpaka mikono ikawa myekundu kufika kwenye viwiko, akafunika kiroba mwenyewe.

Akinawa akanitazama, mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Sijakusamehe," akasema. Nikajibu, ndiyo, dada. Akatafuta kandambili zake, akavaa. Alipofika getini akasema, bila kugeuka, "Jumamosi nitakuja. Usiuache ukakauka."

Basi ndio hivyo. Narudia mwaka. Yule bwana wa sambusa atakuwa anakula sambusa mahali pengine, Dokta atapata miguu ya mwanafunzi mwingine, nikiwafikiria mate yananijaa mdomoni na si ya njaa. Nimefungua donge lile ulilonipa la safari. Limekauka kama jiwe, lina alama ya kiganja chako ulipolibana. Nililiangalia sana, nikawaza nilihifadhi. Kisha nikaliloweka. Kufikia sasa limeshaanza kulegea.

Lala, mayu. Wabeja kwa kila kitu, hata kwa kunicheka. Jumamosi karai litakuwa bichi, na nikiishi hapa hadi nywele zangu ziwe nyeupe kama zako, na vyeti vikijaa ukuta mzima, cha kilio sitakichoma tena.

Mwanao,
Kabula