Miguu ya Dada Siku ya Kiapo

Ikulu ya Jimbo

Kwako Dada Sumitra,

Kwanza naigusa miguu yako, kama mdogo anavyomwamkia mkubwa wake, ingawa ni kwa karatasi tu. Kifua kimepoa? Na yule nyati wetu, amezaa salama? Mimi mwili ni mzima. Biskuti za thekua ulizonikaangia nazila kidogo kidogo na chai, nikimficha mpishi wa hapa asije akanuna.

Nasikia Baleshwar muuza mbegu anatangaza dukani kwake kwamba mbunge wao kapewa jumba lenye tausi, matope ya kwao kayasahau. Kwa katiba, Dada, gavana hawezi kuwa mbunge. Siku ileile niliyoshika kazi hii ya ugavana, kiti changu bungeni kilihesabika kuwa wazi, bila hata mimi kujiuzulu. Jumba nakaa bila kulipa kodi ya pango, mshahara wangu haupunguzwi mpaka muda uishe, na cheo kingine cha malipo sina ruhusa nacho. Kwa hiyo kusimama bungeni kulidai daraja la mto wetu, basi tena.

Ile siku ya kiapo uliingia pekupeku kwenye zulia jekundu. Afisa wangu akakuuliza kwa adabu kama viatu vilipotelea kwenye treni. Ukamjibu, "Havijapotea, mwanangu. Nimemwekea nadhiri Mama Kamala, mungu wa mto wetu. Mdogo wangu huyu, Babua, akitujengea daraja, ndipo nitavaa." Wageni wakacheka, na wewe ukacheka nao. Mimi nikaunganisha viganja kifuani, nikakusalimu kama mtu baki. Sikuinama kukugusa miguu. Baadaye nikakusikia ukiwaeleza shangazi zetu kwamba gavana haruhusiwi kumwinamia mtu, wasinifikirie vibaya.

Dada, hakuna sheria ya namna hiyo. Niliona visigino vyako vilivyopasuka, nikashindwa kuviangalia.

Niliwaambia kijijini kwamba Delhi wameniita, na wito wa Delhi haukataliwi. Nilidanganya. Ugavana niliuomba mwenyewe, nikizunguka milango ya wakubwa wa chama kama mwombaji. Daraja lilikuwa limeshakataliwa tangu majira ya baridi, nami sikuwa na uso wa kuwaambia. Kila nikija nyumbani naiona miguu yako mitupu uani. Sharti la kuacha ubunge nililijua vizuri, na ndilo nililolitaka. Nilitafuta kazi ambayo katiba yenyewe ingenijibia, ili nikiulizwa habari za daraja niseme siruhusiwi.

Naona aibu, Dada. Hata bustanini hapa natembea nimeinamisha kichwa, na walinzi wanadhani natafuta kitu.

Vaa viatu. Mama Kamala hawezi kukudai nadhiri iliyovunjwa na mtu mwingine. Na wakikuuliza uani mbona umevaa na daraja halipo, usinitetee tena. Wasomee barua hii.

Wasalimie shangazi na majirani wote. Baleshwar naye msalimie, umwambie hajakosea.

Ni mimi mdogo wako,
Babua