Koti la Mheshimiwa Liko Kwangu

Jumanne, 8 Juni 1999

Bunge la bajeti limeanza. Shule imefungwa, sina madaftari ya kusahihisha, kwa hiyo mwaka huu hanikwepi mtu! Nimeweka betri mpya, nimekaa barazani na redio mapajani. Asubuhi, maswali — kimya. Jioni, majadiliano — kimya. Mbunge wetu, Mheshimiwa Eustakio, mwaka wa nne sasa anakwenda Dodoma na kurudi, na sijawahi kumsikia hata akiomba mwongozo wa Spika. Mtoto wa kijiji cha Nanganga kabisa! Wakati wa kampeni alisema mpaka vipaza sauti vikakoroma. Mwanafunzi wangu akikaa kimya namna hii ningemwita mzazi.

Ignasi, mume wangu, ananicheka. Anasema wanawake wengine wanafuatilia michezo ya redio, wake anamfuatilia mtu asiyesema kitu.

Acha acheke. Mimi nataka jambo moja tu, daraja la mto wa Lionja. Mvua za El Nino za mwaka jana zililizoa lote, watu wanavukia gogo. Mwezi wa tatu mwaka huu Magreti, mwanafunzi wangu wa darasa la sita, aliteleza, maji yakamchukua. Alinasa kwenye mizizi ya mti, akapona. Vitabu havikupona. Baba yake amesema basi, mvua zikianza tu mtoto haendi shule mpaka kuwe na daraja. Na mwakani ana mtihani wa darasa la saba. Magreti! Mtoto anayenikosoa hesabu ubaoni mbele ya darasa zima! Mwakani ni uchaguzi, watu watakuwa wanagawa kanga. Kama hakusema kwenye Bunge hili, hasemi tena.

Alhamisi, 10 Juni

Hotuba ya bajeti. Soda imepanda. Bia imepanda. Sigara imepanda, Ignasi kanuna. Jirani yangu Hajira kaja na sahani ya vitumbua tusikilize pamoja. Kitu alichokipenda ni sauti ya Waziri. Mheshimiwa — kimya.

Jumatano, 16 Juni

Wachangiaji wengi leo. Mmoja kasema reli, mwingine kasema pamba, wa tatu kalalamikia tembo wanaokula mihogo ya watu wake. Hao ndio wabunge! Mwishoni wakasomwa majina, waliochangia kwa kusema, halafu waliochangia kwa maandishi. Kwenye maandishi nikaongeza sauti ya redio. Labda wa kwetu ni mtu wa kalamu. Hayumo.

Jumatatu, 21 Juni

Kura ya bajeti. Hapa ndipo nilipotaka kumkamata — nijue basi hata kura yake inakwenda wapi. Kumbe! Spika anauliza wanaoafiki, Bunge zima linapiga kelele "Ndiyooo!", anauliza wasioafiki, wanajibu wachache, basi, imepita. Sasa mimi nitajuaje wangu kasema nini?

Hajira anaapa kamsikia. Ile sauti nzito ya mwisho, iliyochelewa. Mimi nasema ile ilikuwa kikohozi. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Tukakubaliana kwamba aliyechelewa ndiye yeye, maana alikuwa anaamshwa.

Nimemwandikia Mheshimiwa barua mwezi wa pili. Nimekwenda ofisini kwake mwezi wa nne, nikaambiwa ujumbe umefika. Mwalimu mkuu wetu, Mzee Obadia, akaniita pembeni akaniambia niache siasa, wenzangu wamehamishwa kwa madogo zaidi ya hayo. Nimefuata kila mlango wa adabu na yote imefungwa. Nimechoka na adabu.

Jumamosi, 26 Juni

Msiba Nanganga. Amefariki mjomba wake Mheshimiwa, kaka wa mama yake. Mungu amlaze pema, alikuwa mzee mwema, utotoni alitugawia miwa. Nimesikitika kweli.

Halafu nikasimama katikati ya uwanja na sufuria mkononi. Kwetu sisi mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mkubwa wake. Bunge au si Bunge, Mheshimiwa lazima aje kuzika!

Na ukoo wao na ukoo wetu ni watani, tangu mababu. Msiba wao, sisi ndio wa kuuchafua, na wao hawana ruhusa ya kununa. Mkubwa, mdogo, tajiri, hakuna cha cheo. Imekuwaje sikulifikiria hili tangu mwanzo? Nilikuwa najifanya mwalimu mno.

Nimemtuma mtu kwa binamu yangu Bernardo. Aje na sauti yake yote.

Jumatatu, 28 Juni

Nimerudi sasa hivi. Siwezi kulala bila kuandika.

Mheshimiwa alifika na gari limejaa vumbi, suti nyeusi, miwani myeusi. Alilia kilio cha kweli, nisimsingizie. Kaburini jua likawa kali, akavua koti ashike koleo kama wapwa wengine, akalitundika kwenye tawi la mkorosho. Nikalichukua. Nikalivaa! Linanifika magotini, mikono imenimeza. Watu wakaanza kuguna.

Kabla jeneza halijashushwa, Bernardo akarukia kaburini, akajilaza chali, akafumba macho. Katekista akafunga kitabu chake, akakaa pembeni kusubiri. Ni mtu wa huku, anajua.

Nikasimama ukingoni na koti langu. Nikauliza:

"Huyo aliyelala humo ni nani?"

Watani wakajibu: "Mheshimiwa!"

"Yuko wapi?"

"Bungeni!"

"Anasema nini huko Bungeni?"

Bernardo akakoroma. Mungu wangu, alivyokoroma! Mkoromo ulitoka chini ya ardhi, ukapanda, ukakatika, ukaanza upya. Watu walianguka kwa kicheko. Mjane alikuwa kajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika, nikaogopa nimemuumiza. Kumbe anacheka.

Mheshimiwa akatoa pochi. Ndiyo desturi, mtani hupewa chochote akaondoka. Bernardo akasema kutoka kule chini:

"Hela sitaki! Ukinipa hela, nalala huku huku na mjomba wako."

Nikamwambia Mheshimiwa kwamba leo watani hatukuja kwa hela. Tunataka kumsikia. Daraja la Lionja, Bungeni, kwa mdomo wake mwenyewe. Siku tutakayomsikia redioni ndiyo siku atakayolipata koti lake. Kijana wake mmoja wa ulinzi akapiga hatua kunijia. Nilifikiri, Dorotea, leo unahamishiwa Kibondo, mwisho wa nchi.

Mheshimiwa akamzuia kijana kwa mkono. Akanitazama. Akamtazama Bernardo kaburini. Akacheka! Kicheko kilimtoka na machozi bado yako usoni.

"Ninyi watu ni wabaya," akasema. "Wabaya sana."

Mzee mmoja wa ukoo wao akamkaripia akubali upesi, jua linawaka na marehemu anangoja. Akakubali. Mbele ya jeneza la mjomba wake, watu wote wakisikia! Bernardo akatoka, akapewa kuku wake wa utani. Tukamzika mzee vizuri, na wakati wa kurudisha udongo nililia kuliko wengine.

Koti limelala juu ya kiti hapa mbele yangu. Lina harufu ya manukato.

Jumanne, 29 Juni

Ignasi kaamka, kaliona. Ugomvi! Koti la Mheshimiwa ndani ya nyumba yake! Kaliweka kabatini, kalitoa, kaliweka chini ya godoro, kalitoa. Sasa liko kwenye gunia la korosho. Nimemwambia ukoo wake hauna mtani hata mmoja mwenye akili, ndiyo maana anaogopa.

Alhamisi, 8 Julai

Kaja katibu wa Mheshimiwa kuchukua koti. Kaongozana na Mzee Obadia, eti kama shahidi. Nikawakaribisha, nikapika chai. Katibu akasema ni mali ya kiongozi, isilete picha mbaya. Nikamjibu kwa upole wote wa chuo cha ualimu: koti si langu, ni la ukoo. Akilitaka, kwanza anitajie ukoo wake, nijue kama ni mtani au si mtani. Yeye ni mtu wa Iringa, huku hana mtani! Akanywa chai, akaaga.

Mzee Obadia akabaki nyuma. Nikajua sasa nasomewa uhamisho. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kuliona. Nikalitoa kwenye gunia, akalipapasa, akaguna, akaondoka.

Jumatano, 14 Julai

Makadirio ya Wizara ya Ujenzi. Siku yenyewe. Tulikuwa barazani wanane, Hajira kaleta mkeka. Walisema wengi, barabara za kila mahali. Majina ya waliosema yakasomwa. Majina ya walioandika yakasomwa.

Hayumo.

Hajira akakunja mkeka taratibu. Sokoni kijana wa nyanya ananiita: mwalimu, koti linakutosha? Baba yake Magreti nilikutana naye kwenye mashine ya kusaga. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akasema tu, "Umejaribu, mwalimu." Nimelia jikoni. Ahadi ya mbele ya jeneza, jamani! Mtu anaidanganya hata maiti?

Alhamisi, 22 Julai

AMESEMA!

Ngoja nianze mwanzo. Nilikuwa darasani, nafundisha sehemu na desimali. Nikasikia miguu inakimbia barazani. Mzee Obadia! Mwalimu mkuu mzima, redio kaiinua juu ya kichwa, waya wa antena unapepea.

"Dorotea! Amesimama! Amesimama!"

Kumbe anasikiliza ofisini kwake kila siku, mlango umefungwa. Kaiweka juu ya meza yangu. Madarasa mengine yakamwagika madirishani. Na ile sauti ni yake, nzito, ya Nanganga: Je, ni lini Serikali itajenga daraja la Lionja lililochukuliwa na mvua? Kumbe alilipeleka kama swali rasmi, na maswali rasmi yana foleni yake. Mimi namlaani wiki nzima, yeye yuko kwenye foleni!

Naibu Waziri akajibu. Serikali inatambua umuhimu, daraja litajengwa fedha zitakapopatikana. Nikaona giza. Jibu hilo nalijua, ni la kukuzika na shada la maua juu.

Hapo mtu akakaa? Hakukaa! Swali la nyongeza! Nayaandika nilivyoyasikia:

"Mheshimiwa Spika, jibu hilo siwezi kurudi nalo nyumbani. Watani zangu wameshika koti langu."

Bunge likalipuka. Meza zinapigwa. Akangoja wamalize. Halafu sauti ikabadilika:

"Wamecheka, nami nilicheka. Lakini kuna watoto wanavukia gogo kwenda shule, na mwaka huu mto umemchukua mmoja, kapona kwa mizizi. Nimezika mjomba wangu kwa ahadi hii. Je, Waziri yuko tayari kufuatana nami akalione hilo gogo kabla ya mvua?"

Naibu Waziri akasimama akasema yuko tayari, na wapimaji watatangulia mwezi huu huu. Mwezi huu huu! Kwenye redio ya taifa, nchi nzima inasikia, hairudi nyuma hiyo.

Watoto walipiga kelele mpaka chaki zikaanguka. Mzee Obadia kanipa mkono, kanipa tena. Magreti hakupiga kelele. Alikuwa dawati la mbele, kaweka kalamu chini.

"Mwalimu," akaniuliza, "ni mimi anayenisema?"

Nikamwambia ndiyo, mwanangu. Ni wewe.

Nikatoka nje, nikajifanya natafuta kifutio.

Ijumaa, 23 Julai

Mji mzima unanijua. Kijana wa nyanya kaniongezea fungu bure. Ignasi — Ignasi yule yule! — kalitoa koti kwenye gunia, kalipiga pasi, kalitundika sebuleni kwenye msumari ili wageni walione kabla mwenyewe hajalifuata. Wanakuja kweli. Anawasimulia jinsi "tulivyolichukua". Tulivyolichukua!

Jumamosi, 24 Julai

Asubuhi nimekwenda Lionja kwa baiskeli. Wapimaji bado. Gogo bado lipo. Baba yake Magreti kaanza kufyeka njia ya kushuka mtoni ili wakija wapite vizuri. Nimemwuliza, kwa hiyo mvua zikianza? Akasema tutaona, mwalimu. Siku zote alikuwa anasema hapana, leo kasema tutaona.

Nimerudi mchana nikakuta wanawake saba uwanjani kwangu. Wametoka Narung'ombe, wamepanda lori la ufuta. Kiongozi wao ni dada mmoja anaitwa Safina, mwembamba, mwenye haraka. Anasema wana mkubwa wao mmoja huko, alichaguliwa kwa shangwe, aliahidi kisima, na mwaka wa tano huu wanachota bwawani na ng'ombe. Cheo chake siandiki wala jina. Wanamwandikia barua, hajibu.

Nikasema poleni. Nikaanza kuwaeleza habari za kusikiliza redio, jinsi ya kufuatilia. Safina akanikatiza.

"Hayo tunayajua, mwalimu. Tumekuja kuuliza utani."

Ukoo wa mama wa huyo mkubwa wao walikuwa wamekwisha kuupata. Nikawauliza basi watani wake ni akina nani? Wakatazamana. Wakauliza, je, lazima asubiriwe mtu afe? Nikawaambia hapana, harusi nayo inafaa, kwenye harusi mtani ana ruhusa ile ile.

Safina akapiga makofi. Mkubwa wao anaoza binti Jumamosi ijayo!

Hajira kashaleta vitumbua. Ignasi kachungulia mlangoni, kawaona, karudi ndani taratibu. Na sasa hivi, naandika huku chai inachemka, bibi mmoja aliyekuwa kimya tangu wafike, Kiswahili chake cha shida, kainuka kwenye mkeka. Anasema kitu kwa Kimwera, wenzake wote wamegeuka kumtazama. Safina ananirudia kwa Kiswahili, maana siamini masikio yangu.

Bibi anasema ukoo huo anaujua. Anasema mtani wao ni yeye.

Wenzake wanamwuliza kama kweli atathubutu, mbele ya wageni wote wale. Bibi anajifunga kanga kiunoni.