Baiskeli Zilizofunika Taa

Makomeno, Lubumbashi

Dada yangu mkubwa, yaya Léontine,

Kabla sijasema neno lingine: mwanao Espérance ni mzima. Anakula, anaenda masomo, na sasa hivi namsikia uani akibishana na mwenzake Ngalula juu ya ndoo ya maji. Soma haya mengine ukijua hivyo.

Nawe, mguu wako je? Bado unavimba jioni ukitoka sokoni? Na mama, kifua chake kimetulia, au upepo wa ziwa bado unamsumbua? Samaki uliowatuma walifika wakavu, hawakuvunjika, na watu wa hapa waliwagombania kabla sijawashusha wote. Sisi tuko. Shemeki yako Mulumba, mume wangu, macho yake hayajapona, kwa hiyo uendeshaji wote wa basi letu dogo uko mikononi mwangu.

Juzi tulipozungumza kwenye simu ulimsikia Espé akicheka, ukanishukuru kwa kumlea. Nilikata simu nikakaa chini sakafuni. Sikuweza kukuambia kwa mdomo, yaya. Ningelia, nawe ungesikia kilio kabla ya kusikia maneno. Ndiyo maana naandika, na barua hii nampa mama anayekuja kwenu Pweto kununua samaki, akuletee mkononi.

Unajua kwamba Mulumba anawafundisha wasichana wa parokia kukimbiza baiskeli. Espé ndiye mwepesi kuliko wote. Kwenye kilima anawaacha wenzake kama wamesimama. Mashindano yakiwa mbali tunabeba wasichana na baiskeli kwenye basi langu la samaki. Wanalalamika harufu, lakini wanapanda. Baiskeli haziingii ndani pamoja nao, basi zamani tulizifunga juu ya paa kwa vipande vya mpira wa ndani ya tairi. Siku moja, njia ya kwenda mtaa wa Kenya, mpira ukakatika. Baiskeli ya Ngalula ikateleza kutoka paani ikaanguka mbele ya kioo changu, katikati ya motokari za watu. Haikumgusa mtu. Lakini toka siku ile, kila nikisikia kitu kinagonga juu ya paa, hata tawi, nilikuwa nakanyaga breki.

Nikamwambia Mulumba, sibebi tena mpaka tupate porte-vélo ya kweli, chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Tukaenda mjini kwa mtu anayeuza vitu vya okazyo, vilivyokwisha kutumika, kutoka Ulaya. Alikuwa na aina mbili. Moja ni ya kufunga paani, yenye vishikio vya kubana magurudumu. Nyingine ni ya kuning'inia mgongoni mwa basi, kwenye mlango wa nyuma, na mikanda yake na kulabu zake.

Muuzaji akashika ile ya nyuma. "Hii njo muzuri, mama. Batoto banapandisha kinga, baiskeli zabo, beko peke yabo. Ile ya juu inaomba bantu bawili na kiti."

Mulumba akaizunguka, akaigusa. "Lakini itafunika taa za nyuma."

"Papa, taa gani? Muchana nani anaangalia taa?"

Mimi, yaya, nilikuwa nafikiria paa tu. Nilitaka baiskeli ziwe mahali ambapo nitaziona kwenye kioo changu cha kutazamia nyuma, nijue kwamba bado zipo. Mulumba naye aliwafikiria wasichana, mabega yao madogo, wakizinyanyua juu ya vichwa vyao. Tukachukua ya nyuma. Nyumbani Mulumba akafunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la mwisho ili watu watuone. Tukadhani imetosha.

Kwenda kwenye mashindano ya Likasi hatukupata shida. Espé alishinda, na shangwe zilikuwa nyingi. Tulianza kurudi jua likiwa bado juu. Mulumba alikaa mbele pamoja nami, wasichana wawili kwenye kiti cha katikati, Espé na Ngalula kwenye kiti cha nyuma kabisa, wakiimba.

Unajua wakati huu wa kiangazi watu wanachoma majani kando ya barabara. Tulipita moshi mdogo, tukapita mwingine. Halafu tukafika mahali moshi ulikuwa umelala barabarani kama ukuta. Motokari iliyokuwa mbele yangu ikaingia ndani yake, ikapotea. Nikakanyaga breki. Nikainua macho kwenye kioo, na hapo ndipo nilipofahamu. Nilikuwa nimetaka kuziona baiskeli, na kweli niliziona: magurudumu, usukani, kitambaa chekundu. Sikuona kitu kingine. Sikuona barabara. Kisha nyuma ya zile nyaya za magurudumu pakaja giza, nalo likakua, na lilikuwa uso wa kamiyo, lori kubwa la kubeba shaba.

Nilisikia honi. Nilisikia matairi yake yakilia. Halafu tulipigwa.

Basi liliruka mbele, likageuka ubavu kidogo, likasimama magurudumu mawili yakiwa kwenye majani. Kioo cha nyuma chote kiliingia ndani. Halafu wasichana wakaanza kulia, nami nikawa nahesabu sauti zao kichwani. Ngalula. Yule mwingine. Yule mwingine. Sauti ya Espé haikuwepo.

Yaya, sijui niandikeje. Niliita jina lake na sikujibiwa. Niliona uso wako. Sikuona uso wake, niliona wako, umesimama mlangoni kwako unaningoja niseme.

Mulumba alifungua mlango wa ubavuni, akaanza kuwavuta wasichana nje mmoja mmoja kwa kupapasa, maana moshi na macho yake vilikuwa vimemwachia kidogo sana cha kuona. Nikapanda juu ya viti kwenda nyuma. Usukani wa baiskeli ulikuwa umepita dirishani, ukajikita kwenye kiti, pale kichwa cha Espé kilipokuwa. Nilisimama. Sikutaka kwenda mbele. Mungu anisamehe, nilisimama kwa sababu niliogopa kuona.

Halafu akasema, kwa sauti ndogo sana, "Mama mudogo."

"Espé! Uko muzima?"

"Sijue. Siwezi kujigeuza. Kinga inanishika nywele."

Ule usukani ulikuwa umepita kando ya shingo yake, ukabana misuko yake yote kwenye kiti. Sikio lilikuwa linatoka damu. Macho yake yalikuwa makubwa, hayapepesi. Nikavuta usukani, haukutikisika. Kamiyo lilikuwa bado limeegemea mgongo wetu. Nikasikia harufu ya mafuta. Na kwa lile tundu la dirisha nikauona moto kwenye majani, si mkubwa, unatambaa tu, unakula majani makavu kuja upande wetu.

"Mama mudogo, musiniache."

"Sikuache. Ninakuwa hapa."

"Nasikia moto."

"Usiangalie kule. Uniangalie mimi."

Kwenye basi nina kisu cha kukatia kamba za mizigo ya samaki. Nikakitafuta chini ya kiti, vioo vikinichoma mikono, nikakipata. Nikaanza kukata nywele za mtoto wako. Ile misuko uliyomsuka wewe mwenyewe alipokuja likizo. Kisu kilikuwa butu, nakipitisha karibu na shingo yake, naogopa moto na naogopa kisu, sikujua kipi zaidi. Yeye hakulia. Alikuwa anasema Salamu Maria, akifika katikati anasahau, anaanza tena.

Msuko wa mwisho ulipokatika akaniangukia kifuani. Nilimburuta juu ya viti. Mulumba akatupokea, akatukumbatia wote wawili kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi, kisha tukakimbia kwenda upande wa pili wa barabara.

Moto haukufika kwenye basi. Watu wanaouza makala, mkaa wa kupikia, pale kando walikuja na matawi, wakaupiga, wakaumwagia mchanga. Mungu awabariki. Lakini walipomaliza na moto, wakageuka.

"Shofere iko wapi?"

"Amejificha nyuma ya kamiyo!"

"Mumulete! Anaua batoto ya bantu!"

Wakamleta dereva wa kamiyo. Ni mtu wa umri wa baba yetu alipokufa, mwembamba, shati limepasuka. Walikuwa wameshika matawi yaleyale, na mmoja alikuwa na jiwe. Yule mzee alikuwa ananiangalia mimi.

"Mama," akasema, "sikuonaka taa. Niliona kinga tu. Nilizani munaendelea."

Nilijua anasema kweli. Alikanyaga breki yake kwa kuona moshi, si kwa kutuona sisi, na aliligeuza lile likamiyo kwa nguvu zake zote. Bila hivyo lingetupita juu. Lakini yaya, niliwaogopa wale watu. Walikuwa wengi, wamekasirika kwa ajili yetu, na mtu aliyekasirika kwa ajili yako ni vigumu kumzuia. Nilifikiri, nikifungua mdomo jiwe litanigeukia mimi. Nilibaki nimeshika mkono wa Espé.

Espé ndiye aliyeniachia mkono. Nadhani hakukusudia, alitaka kujifuta damu tu. Lakini mkono wangu ulipokuwa huru nilijikuta nimekwenda, nimesimama kati ya yule mzee na yule mwenye jiwe.

"Hakuna mufu hapa," nikasema. "Batoto beko bazima bote. Mubahesabu. Kinga zetu zilifunika taa. Huyu papa angeona nini?"

"Mama, unamutetea?"

"Ninasema kile nilichoona. Mukimupiga, mutanipiga na mimi."

Sauti yangu ilikuwa nyembamba, kama ya mtoto. Yule mwenye jiwe aliniangalia muda mrefu, akaangalia wasichana, akaliacha lianguke. Yule mzee alikaa chini barabarani, akafunika uso. Anaitwa Papa Mwape. Baadaye alitusaidia kufungua mabaki ya baiskeli kwenye mlango, na alikuwa analia waziwazi, bila aibu.

Tulimpeleka Espé hospitali. Sikio lilishonwa. Shingo iliuma siku chache, sasa haimuumi. Nywele zilizobaki tulizinyoa zote, na anapendeza hivyo, utaona. Lakini motokari ikipiga honi barabarani bado anashika shingo yake.

Mulumba alitaka kuacha kila kitu. Alisema atauza hata baiskeli yake mwenyewe. Nilikubali haraka, nilikuwa nangoja aseme hivyo. Ni Espé aliyekuja jikoni, akasimama nyuma yangu. "Mama mudogo, mukiacha, mimi nitabaki na ile siku tu."

Nilimwambia atoke, nina kazi. Lakini neno lake lilibaki jikoni.

Basi, gari letu liliponyooshwa mgongo na kuwekewa kioo kipya, tulikwenda Kamalondo kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Safari hii nilikuwa nauliza kama polisi. Je, ikiwa paani nitapita chini ya kizuizi cha barabarani? Je, upepo? Je, chuma kikipata kutu? Fundi alichoka nami. Ametengeneza porte-vélo fupi ya paani, imefungwa kwa boliti kwenye mwili wa basi, na kila baiskeli inashikwa magurudumu yote mawili. Wasichana wanapanda juu ya kisanduku kuzinyanyua, wawili wawili, wanalalamika, na wanaweza. Mulumba alisimama nyuma ya basi nami nikakanyaga breki, akapaza sauti, "Naona! Naona nyekundu mbili!" Mtu ambaye macho yake ni mabovu. Nilikanyaga tena na tena mpaka majirani wakatoka kutazama.

Hiyo haikunitosha. Wiki iliyopita nilifunga baiskeli zote paani, nikaondoka peke yangu njia ya Likasi. Sikumwambia mtu ila Mulumba. Sikuweza kumpandisha mtoto wa mtu mwingine kabla sijapita pale mwenyewe. Nilipofika mahali penyewe nikasimama kando. Majani yote ni meusi, na vioo vyetu bado viko chini. Mikono ilikataa usukani, yaya. Nilikaa nikisikiliza kamiyo zikipita, kila moja ikitikisa basi, na kila moja nilifikiri ni ile. Nilitaka kugeuza. Sijui nini kilinisukuma. Si ushujaa, maana nilikuwa nalia. Nilikwenda hadi Likasi, nikazunguka, nikarudi. Baiskeli hazikusogea.

Sasa kuna mashindano mengine yanakuja, njia ileile. Espé anajizoeza kila asubuhi. Hajaniomba tena, lakini alisafisha baiskeli yake aliyorekebishiwa, akaiegemeza ukutani karibu na basi. Mimi bado naogopa. Sitakudanganya kwamba chuma kizuri kimeondoa woga. Nitaendesha nikiogopa, kwenda na kurudi.

Lakini mtoto ni wako. Wewe ndiye uliyemzaa, nawe hukuwepo ulipopaswa kuulizwa. Nakuuliza sasa.

Msalimie mama, mwambie nitamletea dawa ya kifua nitakapokuja. Msalimie shemeki, baba yake Espé, na umsomee barua hii akiwa ameketi. Salamu kwa shangazi anayekausha samaki pamoja nawe, na kwa katekista wetu aliyetufundisha kuandika; akiona makosa anisamehe. Mulumba anakuinamia kwa heshima.

Ukisema ndiyo, nitaipandisha baiskeli yake paani kwa mikono yangu. Ukisema hapana, nitaiingiza ndani ya nyumba, na nitamwambia kwamba ni mimi niliyekataa, kwamba ni woga wangu, ili asije akakukasirikia wewe uliye mbali.

Mdogo wako anayekupenda,

Bibiane