Usiifue Kofia ya Anselm

Jumanne, 22 Julai 2025

Anselm,

Leo nimekuwa mjane mara ya pili, na mume mwenyewe hakuwa wangu.

Tumemzika Mzee Jilala, jirani yetu, yule aliyekuwa akikuazima pampu ya baiskeli na kuja kuidai kabla hujaitumia. Msiba ulipendeza. Turubai, viti vya plastiki, spika mbili ndefu kama makabati. Zablon, katibu wa jumuiya yetu, akasimama na simu yake kusoma wasifu wa marehemu. Unamjua Zablon, husoma kama anayetangaza mpira. "Marehemu alikuwa mcha Mungu, mpenda maendeleo, na nguzo ya kwaya!" Nikasema moyoni, loo, hata Jilala? Jilala ambaye kwaya yetu ilikuwa ikianza mazoezi yeye anafunga madirisha?

Zablon akaendelea. "Ameacha mjane, Marcelina, na binti mmoja, Dafrosa."

Watu wote wakanigeukia! Paskazia, mke halali wa Jilala, akafunua kanga usoni pale mkekani, akaniangalia. Nikatikisa kichwa — mwenzangu, simo.

Zablon wala hakugundua. Alikuwa ameshafika kwenye pengo lisilozibika. Ulikuwa wasifu wako, Anselm, ule wa mwaka jana. Alibadilisha jina la juu, akachoka.

Baada ya maziko Paskazia akaninong'oneza: "Mama Dafrosa, kama ulikuwa unamtaka ungesema. Ningekupa usiku tu. Alikuwa anakoroma huyo!" Tukacheka ndani ya kanga, mabega yanatikisika. Watu wakadhani tunalia. Dada mmoja wa jumuiya akatuletea maji.

Jumapili, 27 Julai

Paroko mpya amekuja kunisalimia. Kijana, mpole, viatu vyake havijajua vumbi la Tabora bado. Nikampa chai na karanga. Akauliza, "Mama, mwezi ujao tunamfanyia Mzee Anselm misa ya mwaka. Niambie, alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikafungua mdomo. Unajua kilichotoka?

"Alikuwa mcha Mungu, mpenda maendeleo, na nguzo ya kwaya."

Mimi! Mke wako! Tena bila kukwama, kama Zablon.

Padre akatabasamu. Akasema, "Mama, tangu nifike nimezika wazee kadhaa, na wote walikuwa nguzo ya kwaya. Mbona kwaya yenyewe inayumba?"

Nilicheka. Alipoondoka nikakaa jikoni, sijawasha hata moto. Nguzo ya kwaya! Wewe, ambaye mwalimu wa kwaya alikuomba ufungue mdomo tu bila kutoa sauti. Ukaja nyumbani unajisifu kwamba umepewa kazi maalumu. Na bado uliimba, kwa sababu hukuweza kujizuia, ukifuata nyuma ya wenzako kwa neno moja. Wao wakifika "Amina," wewe ndio kwanza unaelekea huko.

Hayo nayajua. Lakini aliyetoka mdomoni mwangu hakuwa wewe.

Jumatano, 30 Julai

Shemeji Wilbroad amefika kutoka Dar kusimamia mwaka wako. Mdogo wako amenenepa. Ameleta neno jipya: programu. Kila kitu kipo kwenye programu. Saa ya misa ipo, saa ya kaburi ipo, saa ya kulia sikuiona lakini nadhani imo.

Kuna fulana pia zenye picha yako. Kijana wa studio ameitengeneza: amekuvisha suti na tai, amekung'arisha uso, ameondoa lile kovu la nyuki wa Sikonge. Nimeitazama muda mrefu. Mtu mzuri. Simfahamu.

Nikaona nijaribu. "Shemeji, safari hii tumwite Bi Zamda."

Akaweka kikombe chini. "Zamda yupi? Yule Mzaramo wa Gongoni?"

"Ndiye. Mtani wa Anselm."

"Shemeji! Yule alitutia aibu mbele ya watu. Na safari hii kuna mgeni rasmi, mheshimiwa mtarajiwa. Atatoa neno. Kuna video inakwenda moja kwa moja kwa ndugu walio nje."

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo tumetaniana tangu babu zetu wakipeleka mizigo pwani kwa miguu. Zamda alikuwa akikuita mpagazi wake. Ukipita pale anapouza kashata anapaza sauti: "Mpagazi wangu! Babu yako alibeba jino la tembo mpaka Bagamoyo, akaiona bahari, akauliza nani kamwaga maji!" Nawe unajibu: "Na wako alipanda treni kuja kutushangaa, akakosa nauli ya kurudi, ndiyo maana upo hapa, mla nazi wee!" Kisha unakula kashata yake bila kulipa, na yeye anakutukana mpaka unapotelea kwenye kona.

Siku ya maziko yako alikuja kufanya kazi yake ya utani. Alilala kizingitini ili jeneza lisipite. "Mpagazi wangu haondoki, mzigo hajautua!" Zamani watu wangecheka, wangembembeleza, wangempa chochote, akapisha. Lakini Zablon akachukua maiki: "Tunaomba mama huyo aondolewe, tunaharibu muda." Vijana wakamnyanyua kama gunia la karanga. Nami nilikuwa mkekani, nimefunikwa. Mfiwa hapewi maiki.

Tangu hapo Zamda hajakanyaga kwangu. Mwaka mzima hakuna aliyekuita mpagazi.

"Haiwezekani, shemeji," Wilbroad akamaliza. "Haipo kwenye programu."

Jumatatu, 4 Agosti

Upepo na vumbi tangu asubuhi. Nimeketi nijaribu kukukumbuka peke yangu, bila Zablon.

Nimepata haya. Ulikuwa huipandi baiskeli yako mjini, unaisukuma tu, kiwiko cha kulia nje, ati nayo inachoka. Mfukoni mwa koti daima viazi vyako vikavu, matobolwa, pamoja na nyuzi za koti lenyewe, na unamkaribisha kila mtu. Macho yalipopungua ukawa unamsalimia mbuzi wa Jilala jioni: "Mwangaluka, mama, watoto hawajambo?" Ni salamu ya asubuhi hiyo, tena kwa mbuzi! Maharage yangu yakiungua unasema moshi nao ni kitoweo.

Sauti sijaipata. Nimejaribu wimbo wa matoleo, ule uliokuwa unauharibu. Kichwani inakuja kwaya nzima, safi, imepangika. Hakuna anayechelewa.

Nimelia kidogo. Kisha maharage yakaungua.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya wakulima. Fulana zimefika. Wilbroad amevaa moja kwenda nayo kwenye maonyesho. Amerudi ameudhika — watu watatu wamemuuliza unagombea kata gani.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda Gongoni. Sikumuaga Wilbroad. Nilisema nakwenda kwa fundi cherehani, na kweli nilipita mbele ya fundi.

Bi Zamda amekaa palepale, sinia la kashata mbele yake. Ameniona tangu mbali. Akapaza sauti barabara nzima isikie:

"Karibu, mjane wa Jilala!"

Habari zilishafika! Nikamwambia, "Afadhali mimi wanagombania kuniita mjane. Wewe Zablon hajakuita hata kwa makosa."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaacha kucheka, akaanza kufukuza nzi kwenye sinia.

Nikamwambia nilichofuata. Jumamosi ni mwaka wa Anselm. Njoo, mtani wangu. Nilimwambia yote — fulana, programu, nguzo ya kwaya iliyonitoka mdomoni mbele ya padre. Nikamwambia simsikii tena. Ninaogopa, Bi Zamda. Wakimsoma hivi tena, nitabaki na yule wa kwenye fulana.

Akasema, "Mtani haalikwi, Marcelina. Mtani anakuja mwenyewe. Na mtani hanuni, wewe unajua. Unaweza kumwambia babu yangu alikuwa ngiri, nikakupa kashata. Lakini kufukuzwa msibani kwa maiki? Babu zangu walifukuzwa na simba njia nzima mpaka huku. Hawakufukuzwa kwa maiki."

"Nimekuja kwa ajili hiyo. Nisamehe."

"Wewe hukunifukuza. Wewe ulikuwa umefunikwa kama ugali."

"Basi utakuja?"

"Siji."

Nikanyanyuka. Nimeshapiga hatua chache akaniita.

"Wee! Ile kofia yake ya reli, ya kutoka stesheni ya Igalula, ipo?"

"Ipo. Msumarini."

"Umeifua?"

"Hapana."

"Usiifue."

Akageukia mteja. Hilo tu, basi. Nimerudi na kashata mkononi ambayo hakutaka nilipe. Sijui nimepewa jibu au nimepewa kashata.

Ijumaa, 15 Agosti

Zablon amepita kuhakiki wasifu. Nikamwomba aondoe kwaya. Akasema, "Mama Dafrosa, tukiondoa kwaya tutaweka nini?" Nikasema weka kwamba alikuwa mshika bendera wa reli, treni zilipita salama, na jioni aliwasalimia mbuzi. Akacheka kwa heshima. Akasema marehemu hastahili mzaha.

Kofia ipo msumarini. Nimeigusa tu.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika haraka, niko chumbani, mlango nimeurudishia. Uwanja umejaa watu.

Misa imekwisha, kaburi limebarikiwa, tumerudi nyumbani. Mheshimiwa mtarajiwa ametoa neno, amekuvaa kifuani. Amesema alikufahamu kwa karibu sana. Akakuita Anthony.

Kisha Zablon na simu yake. Mcha Mungu. Mpenda maendeleo. Nimeinamisha kichwa, nasubiri nguzo. Akasema "nguzo ya" — na mlango wa uani ukalia.

Zamda! Gunia kiunoni, kanga imefungwa kama koti. Mikono mbele, ameshika usukani ambao haupo. Anasukuma baiskeli ambayo haipo. Kiwiko cha kulia nje! Anakwenda polepole, kwa sababu inachoka. Akafika alipofungwa mbuzi wa Paskazia. Akasimama, akavua kofia asiyokuwa nayo, akainama. "Mwangaluka, mama. Watoto hawajambo?"

Mbuzi akajibu.

Hakuna aliyecheka. Walimtazama mgeni rasmi kwanza, wajue kama inaruhusiwa. Mgeni rasmi akamtazama Wilbroad. Wilbroad akamfuata Zamda na suti yake: "Mama, hapa kuna programu."

Zamda akamwegemezea baiskeli. "Nishikie, mdogo wangu, isianguke. Breki haina."

Na Wilbroad — mtu mzima, video inakwenda moja kwa moja — akanyoosha mikono akaipokea!

Hapo Paskazia akaangua kicheko. Peke yake, mjane wa mwezi mmoja, kichwa wazi. Zamda hakugeuka. Alinitazama mimi, akaniuliza kwa sauti iliyoingia puani kidogo, kama ya mtu aliyeibiwa:

"Mama Dafrosa. Kofia yangu iko wapi?"

Kila asubuhi ya Mungu, Anselm! Kofia ipo msumarini, wewe umesimama chini yake, unaniuliza iko wapi.

Nikanyanyuka. Zablon akasema kwenye maiki, "Mfiwa aendelee kukaa." Sikukaa. Ndio nimo humu chumbani, kofia mkononi. Ina harufu ya matobolwa na mafuta ya taa. Nimekaa kitandani nipate pumzi.

Nje sasa wanaimba. Zablon ameiamuru kwaya ianze wimbo wa matoleo ili kumzima Zamda. Wanaimba safi. Na nyuma yao, kwa neno moja, kuna sauti inayowafuata, inapanda pasipopanda, haijali. Wamefika "Amina." Sauti haijafika. Inaelekea huko.

Nimekusikia!

Wilbroad anagonga mlango. "Shemeji, tafadhali. Ukitoka na hiyo kofia hatutaweza kuwarudisha watu tena. Mheshimiwa ameshasimama." Nimemjibu nakuja. Sijamwambia nakuja na nini.

Anagonga tena. Nawe huko uliko, Anselm, nikumbuke. Mimi ndiye wa maharage yaliyoungua.