Inabaki moja

Saliha, sikia. Tunatoka kwa shehe wa falaki hapa Buyenzi, mi na Khaled, atuangalilie ndoa yetu.

Shehe akajumulisha hesabu za herufi za majina yetu na ya mama zetu: 2521.

Akagawa kwa mbili, inabaki moja. Kwa saba, moja. Kwa kumi na mbili, moja tena! Akasema: "Mumoja wenu atabaki peke yake."

Nikacheka. Si nafundisha hesabu? Nikamuambia: "Shehe, ile ni nombre premier, haigawanyike, lazima ibakize."

Premier, "ya kwanza"! Kwa nini nilisema ile neno?

Khaled akauliza polepole: "Premier? Nani atakwenda wa kwanza?"

 Shehe akafunga daftari, akainua mikono, akaomba dua.

Saliha, aliombea Khaled tu, apewe subira. Jina langu hakulitaja.